Usiniambie Nzuri

Kalunde mwanangu,

Barua zote nilizofundishwa shuleni zilianza hivi: natumaini hujambo, mimi huku sijambo, hofu ni kwako tu uliye mbali. Hii sianzi hivyo. Kwanza hujawa mbali bado, uko kwa akina Nyamizi unaaga, na ninavyowajua nyinyi wawili mtaagana tena kesho alfajiri kana kwamba leo hamkuagana. Pili, hiyo sijambo ya kuitikia bila kufikiri siitaki tena katika nyumba hii. Sababu utaiona ukisoma mpaka mwisho, na usome mpaka mwisho, usirukeruke mistari kama unavyofanya na vitabu vya hadithi.

Nimekaa barazani. Mvua imekatika na kuna mwanga wa kutosha kuandikia. Baba yako yuko nyuma ya nyumba anafunga tranka lako kwa kamba ya katani ingawa lina kufuli. Nimemwambia kufuli linatosha, akasema kamba haijawahi kumdhuru mtu. Mambo ya ndoo, shuka, sabuni na kuchemsha maji ya kunywa sitayaandika humu. Nimeyasema mpaka ukanikodolea macho, na bibi yako akayarudia kwa Kinyamwezi endapo ya Kiswahili hayakuingia. Nataka kukuandikia jinsi shule hii ilivyochaguliwa. Ukifika huko watakuambia umechaguliwa na serikali. Hapa Ipole wanasema umechaguliwa na kiburi cha mama yako. Wote wana kipande cha ukweli, na mimi nakupa changu.

Siku majina yalipotoka, mwalimu wako wa darasa la saba alikuja mwenyewe na baiskeli, matope mpaka magotini, akaanza kupiga kelele kabla hajafika uani. Umepata bweni! Shule ya wasichana, upande wa Kigoma, ya wenye alama za juu! Bibi yako alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Furaha hiyo ilidumu mpaka asubuhi. Asubuhi wakaja washauri.

Washauri walitupa shule tatu za kuchagua, zote za serikali, zote bila ada, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya umaskini. Ya kwanza ni hii ya kata yetu, ya kutwa, ambayo madarasa yake tuliyajenga kwa matofali ya kufyatua wenyewe. Nilisomba maji ya udongo ule nikiwa na mimba yako. Ya pili ni ya Tabora mjini, ya kutwa pia, nawe ukae mtaa wa Ng'ambo kwa Baba Mkubwa. Ya tatu ni hiyo ya bweni uliyopangiwa. Mwalimu mkuu alisema uhamisho unawezekana, mradi wazazi tukubaliane na tuombe mapema. Hilo neno "tukubaliane" ndilo lililoleta kikao.

Ulikuwa jikoni siku ile, ulisikia sauti tu, kwa hiyo nikusimulie. Baba Mkubwa alitoka Ng'ambo amevaa koti lake la vikao. Wazee wa ukoo walikaa hapa nilipokaa mimi sasa, na yule mzee Mgogo mwenye duka alikuwepo pia, maana mtani haalikwi, hutokea. Baba Mkubwa alisema kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Damu ya mtu ni damu. Mjini kuna shule zenye majina, watu wazito wamepita pale. Mtoto atasoma pale na atakaa kwangu. Mnampeleka huko kuvuka mto Malagarasi kwa watu wasiomjua, kwani ni yatima?"

Wazee wakaitikia. Baba yako naye akaitikia, nilimwona. Mimi nilikuwa naleta maji ya kunawa. Desturi yetu unaijua: mwanamke anayenawisha wazee hasemi. Anashika birika na beseni, anapiga magoti, anapita. Nikapiga goti mbele ya Baba Mkubwa, nikaliinua birika, halafu sikumimina.

"Shemeji, atalala wapi?"

"Swali gani hilo, mama Kalunde? Atalala nyumbani."

"Nyumbani chumba gani?"

"Cha watoto."

"Kitanda kipi?"

Akacheka, akawatazama wenzake wamsaidie kucheka. "Watabanana. Kwani sisi hatukubanana?"

"Na usiku atasomea taa ipi?"

"Mama Kalunde," akasema, "unaninawisha au unachukua maelezo ya polisi?"

Nikamnawisha. Maji yalimwagika mengi kidogo, yakafika mpaka kwenye mkono wa koti. Sikukusudia. Haya, nilikusudia.

Ndipo akageukia safari. Msichana mdogo, treni ya usiku, nchi ya watu! Hapo uvumilivu wangu uliisha kabisa. Nikamwambia, "Shemeji, kila harusi unatusimulia babu yenu aliyebeba pembe begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, akarudi na shanga na maneno mengi. Huyo alikwenda kwa mguu, na simba njiani, na mnajivuna naye mpaka leo. Huyu anapanda treni, ana tiketi, ana kiti chake chenye namba, nanyi mnatetemeka?"

Yule Mgogo akapiga paja lake. "Mwacheni mama aseme! Tena mababu zenu hawakwenda pwani kwa ushujaa, walikuwa wanawakimbia wake kama huyu." Wazee wakacheka, kikao kikavunjika bila uamuzi. Nimemshukuru mtani yule kwa kibaba cha karanga. Alizikubali, akasema ni kidogo.

Sasa nikuambie nilikuwa naogopa nini, kwa maana baba yako alijua nusu na wewe hujui kitu.

Nilipomaliza darasa la saba nilipata shule ya mjini. Babu yako, baba yangu mimi, alinipeleka Ng'ambo kwa shangazi yangu, dada yake wa tumbo moja, pamoja na kuku, unga, na kibuyu cha asali. Akanisimamisha mbele yake akasema, "Dada, nimekuletea mwanao." Kwetu neno hilo likishasemwa, mzazi hana swali tena. Ukiuliza mtoto anakula nini, analala saa ngapi, umemtukana aliyempokea. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na watu wengi wamelelewa vizuri kwa njia hiyo, sikatai. Lakini hakuna anayehesabu wale ambao haikuwafaa.

Shangazi alikuwa anakaanga vitumbua vya kuuza. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimekwisha kuamka, nimewasha moto, nakoroga. Nikaange, nipeleke gengeni, nirudi nioshe vyungu, ndipo nivae sare. Shuleni nilifika kengele imelia zamani. Mwalimu wa zamu alikuwa ananingoja na fimbo, anasema, "Karibu, tulikuwa hatuwezi kuanza bila wewe." Darasani nilikaa nyuma ili nisinzie bila kuonekana. Jioni kuna mchele wa kuloweka na kutwanga kwa ajili ya kesho.

Usimwone shangazi kama zimwi. Aliniuguza malaria kwa mikono yake, alinishonea gauni la Krismasi, alinifundisha kuimba sauti ya pili ambayo naimba kwaya mpaka leo. Alikuwa mwanamke mwenye kazi nyingi, na msaidizi akaletwa mlangoni kwake na kuku juu. Wewe ungefanyaje? Mimi nadhani ningefanya alivyofanya.

Kila msimu wa kuuza tumbaku babu yako alipita kuniona. Aliketi sebuleni, akaletewa chai na vitumbua nilivyokaanga mimi. Alivisifu. "Dada, mkono wako haujapotea." Kisha ananigeukia.

"Habari za shule?"

"Nzuri, baba."

"Na za hapa nyumbani?"

"Nzuri, baba."

Shangazi anatabasamu, mimi natabasamu, baba anatabasamu. Mara moja tu nilisimama nimsindikize. Unajua mwenyewe kwetu maneno ya kweli hayasemwi sebuleni, husemwa njiani, mgeni akiwa amefika kwenye kona na anageuka kukuambia rudi sasa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Shangazi akasema, "Wewe baki, vyombo vinakungoja, kaka anaijua njia." Nikabaki. Niliingia ndani nikaosha kikombe alichonywea.

Mtihani wa kidato cha pili nilianguka. Nikarudi nyumbani na sanduku langu. Babu yako hakunipiga wala hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Jioni moja tukiwa tunafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti akaniuliza bila kunitazama, "Si kila nilipokuja ulisema nzuri?"

Niliendelea kufunga majani. Alikufa akiamini binti yake alikuwa na kichwa kizito, na alinipenda hivyo hivyo, na hilo ndilo linaloniuma. Naandika hapa kwa wino jambo ambalo sijawahi kulisema kwa mdomo: nilikuwa na akili, Kalunde. Nilikuwa na usingizi tu.

Kwa hiyo watu wanapouliza shule ipi inafaulisha, shule ipi ina maabara, shule ipi ilisomesha mawaziri, mimi nauliza mtoto atalala wapi na ataamshwa na nani kufanya nini. Wakaniona mshamba. Waendelee kuniona.

Baada ya kikao tuligombana na baba yako. Hukusikia kwa sababu yeye hagombani kwa sauti, na mimi nilipiga kelele shambani ambako wanaosikia ni nyani. Alisema nimemwaibisha mbele ya kaka yake. Nikamwambia, "Nimekuaibisha, sawa. Sasa nenda Ng'ambo ukakitazame hicho kitanda." Akaenda, na ndoo ya asali, maana hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu.

Alirudi kesho yake jioni, amechangamka. Nikampa muhogo wa kuchemsha, akaanza kusimulia.

"Wamefurahi mno. Shemeji, mke wa kaka, ndiye amefurahi kuliko wote, kasema Mungu amemjibu."

"Amemjibu nini?"

"Msichana wao wa kazi ameondoka, karudi kwao Urambo. Shemeji kahangaika peke yake na..."

Kipande cha muhogo kilikuwa mkononi, akakishika tu. Nilitamani kusema, unaona? Sikusema, na kwangu mimi kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kulima. Akasema polepole, "Kitanda nilikiona. Kiko kwenye korido, mlango wa jikoni." Akaurudisha muhogo kwenye sahani. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, na kwa kuwa sijamwambia, nawe usimwambie, ataringa.

Ikabaki kata na bweni. Hapa nataka uwe mwangalifu, kwa sababu watu watakufundisha kuidharau shule ya kata, na mimi sitaki. Nilikwenda kuiona mwenyewe. Ina walimu wachache wa hesabu, lakini yule mmoja niliyemsikia dirishani anafundisha kwa moyo. Shida ni njia. Kutoka kwetu huwezi kwenda na kurudi kila siku wakati wa mvua, kwa hiyo wasichana wa huku wanapanga vyumba karibu na shule. Wanayaita mageto. Nilifika kwenye moja saa za mchana. Godoro chini, jiko la mkaa pembeni, na kijana wa bodaboda ameketi kizingitini anakula wali waliopika wao. Aliniamkia shikamoo vizuri sana, nikaitikia marahaba. Sina ubaya naye. Ila hakikuwa kitanda ambacho ningelala usingizi mimi huku nikijua wewe uko juu yake.

Nyamizi anakwenda shule hiyo hiyo, na nakuambia atafaulu, tena usishangae akikupita. Dada yake ameolewa pale pale jirani na shule, atalala kwa dada yake ambaye hana vitumbua vya kuuza wala maneno mengi. Shule ni ile ile. Nyamizi anayo pa kulala, wewe huna.

Halafu kulikuwa na wewe. Nitakuambia ukweli, ulinikasirisha kuliko Baba Mkubwa. Alikuuliza kwa simu, "Utapenda kukaa na sisi?" ukasema, "Ndiyo, Baba Mkubwa." Mwalimu akakuuliza kuhusu bweni, ukasema, "Vizuri, mwalimu." Mama yake Nyamizi akakuuliza kuhusu kata, ukasema, "Nitafurahi, mama." Kila mtu aliondoka akiwa ameshinda. Nilikutazama nikajiona mimi, nimesimama sebuleni Ng'ambo na sinia la chai. Nilitaka kukurushia ufagio. Nimekufundisha adabu miaka yote hii, na ghafla nikaona kwamba nimekufundisha ugonjwa wangu.

Unakumbuka siku ya kubangua karanga? Ulifikiri nimekuita kwa ajili ya karanga. Karanga zile zilikuwa za mbegu, tungeweza kuzibangua wakati wowote. Tulikaa muda mrefu, sikukuuliza kitu, na wewe hukusema kitu. Halafu ukasema, macho yako kwenye ungo, "Mama, kwa Baba Mkubwa sitaki."

"Na kata?"

"Nataka kwa sababu ya Nyamizi tu."

"Na bweni?"

Ulibangua karanga kadhaa kabla ya kujibu. "Naogopa."

"Unaogopa na hutaki, au unaogopa na unataka?"

"Naogopa na nataka."

Nilikwambia, "Basi utaogopa ukiwa ndani ya treni." Nikainuka upesi, nikasema nakwenda kuangalia moto. Moto ulikuwa haujawashwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, si kwa huzuni. Ulikuwa umesema neno moja la kweli mbele ya mtu mzima, umri ule ule ambao mimi nilishindwa.

Tulipompigia Baba Mkubwa alisema, "Sawa. Msije kunililia," akakata simu. Kesho unapopanda basi la kukupeleka kwenye treni, hatakuja stendi, usimtafute. Siku ukimkuta, mwamkie shikamoo kwa magoti yako yote mawili, yule ni baba yako, na kwa akili zake alikuwa anakuita kwenye mema. Heshima sijakuondolea.

Wanasema nimetumia kichwa cha mtoto kulipiza kisasi cha ujana wangu. Nimelifikiria hilo kwa uaminifu, usiku na mchana. Huenda ni kweli kidogo. Mbona wao wakiwachagulia watoto shule kwa sababu ya sifa za ukoo hakuna anayeuliza wanalipiza nini? Shule yako sijaiona. Naijua kwa picha moja ya simu ya mwalimu, na picha yenyewe imejaa geti. Huenda kitanda cha huko ni kibovu, huenda mnalala wawili wawili, huenda chakula kina wadudu. Naweza kuwa nimekosea kabisa. Nikiwa nimekosea nitapanda treni mimi mwenyewe nije, treni si ya Baba Mkubwa.

Ukifika watakuuliza pia mkondo: elimu ya jumla au amali, yaani ya ufundi. Baba Mkubwa ameshatoa hukumu kwamba amali ni ya waliokosa akili, mbele ya baba yako ambaye ametundika mizinga maisha yake yote na ndiye aliyemlisha asali. Hilo sitakuchagulia. Mimi nilichagua kitanda, na kazi yangu imekwisha hapo. Ukitaka fizikia, chukua fizikia. Ukitaka kufunga nyaya za umeme, zifunge, ukirudi uanze na taa ya jikoni kwangu. Nakukumbusha tu ulipokuwa mdogo ukamfuata baba yako mpaka kambi ya asali, kule msituni ambako mwanamke haendi. Wazee walisema nyuki watahama. Mwaka ule asali ilijaa mpaka tukakosa vyombo, na hakuna mzee aliyerudi kusema lolote. Walikula tu.

Neno la mwisho sasa, ndilo lililonikalisha hapa.

Mtu akiona unaondoka anakupa methali. Jana nimesikia mvumilivu hula mbivu kutoka vinywa vya watu wa kila aina, na wewe unaitikia asante. Mimi nilivumilia, Kalunde. Sikula mbivu. Nilikula vitumbua vilivyoungua, ambavyo haviwezi kuuzwa. Kuna ya kuvumilia, ndiyo: baridi ya asubuhi, maharage kila siku, hesabu ngumu, kunikumbuka mimi. Hayo vumilia, yataisha. Lakini mtu akikufanya usilale, akikufanya usisome, akikushika mahali ambapo hapashikwi, awe mwalimu, awe mlinzi, awe msichana mkubwa wa bwenini, hilo halina mbivu yake. Hilo lisemwe siku hiyo hiyo.

Na lisemwe kwangu. Simu hamruhusiwi, najua. Jumapili matroni atakupa yake, atasimama karibu yako kwa sababu ni simu yake, na mimi nitauliza habari za huko. Utasikia ulimi wako wenyewe unataka kusema nzuri, mama. Kila Mtanzania ulimi wake unajua kazi hiyo. Mtu ana homa, anasema nzuri. Nyumba imeungua, anasema nzuri, ila nyumba imeungua. Kwa wengine wote sema nzuri, usinitie aibu, wasije wakasema binti ya fulani hajui salamu. Kwangu usiniambie nzuri. Niambie ulilala saa ngapi. Niambie ulikula nini, nani alikuchekesha, nani alikuliza. Kama kweli ni nzuri, niambie uzuri wake uko wapi, nitauamini. Matroni akisikia, mwache asikie. Mimi nilikaa kimya kwa sababu shangazi alikuwa anasikia.

Najua ninachokuomba ni kigumu kuliko mtihani wa taifa. Nakuomba uvunje adabu ambayo mimi mwenyewe nilikufundisha kwa kofi. Kwa hiyo nitaanza mimi.

Nakusikia unarudi, wewe na Nyamizi mnacheka huko njiani. Anakusindikiza, na mkifika hapa utataka kumsindikiza yeye. Barua hii naiweka trankani, chini ya shuka, kabla baba yako hajakaza ile kamba yake. Kesho stendi kutakuwa na watu, nitasimama wima, nitakuambia safari njema, nitapunga mkono kama mama wa kwaya. Usidanganyike na mkono huo. Utakapokuwa umefika, umefungua tranka, umekaa juu ya kitanda chako, uniulize kimoyomoyo: mama, habari za nyumbani?

Mbaya, mwanangu. Mbaya sana. Nyumba ni kubwa, sauti yako haimo, nimepika ugali wa watu wengi tena kwa mazoea, na baba yako amekwenda kwenye mizinga mapema ili nisiyaone macho yake.

Hivyo ndivyo inavyosemwa. Sasa lala.

Mama yako